Usinunue taa kubwa: chumba chenyewe ni taa

*"Assalaam alaykum maalim. Natengeneza filamu ya makala kuhusu wazee wa mtaani kwetu Mji Mkongwe ambao bado wanashona kofia kwa mkono. Vyumba vyao vidogo. Cha bibi mmoja nilikipima: mita 2.6 kwa 3.8, kuta za chokaa zimepakwa rangi ya mafuta ya kijani mpaka usawa wa kifua, dirisha moja tu, la upande wa kibla, linatazama uchochoro. Nina kamera ya Sony a6400, lenzi ya 16–50 na ya milimita 50, na paneli mbili za LED. Nikaazima na taa ya duara ili zitimie tatu kama tulivyofundishwa. Nimepata kivuli kinene ukutani, paji la uso linang'aa, uso wenyewe umefifia na una ukijani. Mzee mwengine aliyevaa kanzu inaonekana kanzu tupu, na kwenye miwani yake kuna duara mbili nyeupe. Picha nayo ina mistari inayotembea. Bibi alitoka jasho, akasema macho yanamuuma, tukaacha kati. Nifanyeje? Ninunue taa kubwa zaidi?"*

Waalaykum salaam. Swali lako nimelisoma mara mbili, mara ya pili na penseli mkononi, kwa sababu umefanya jambo ambalo wanaoniuliza aghlabu hawalifanyi: umepima chumba. Nianze na la mwisho ili usiende dukani kesho asubuhi. Hapana, usinunue taa kubwa zaidi. Ukiiingiza mle ndani, kila ulichokilalamikia kitazidi.

Naona mashaka yako ni mawili yaliyofungwa kamba moja. Moja ni la picha. Jingine hukulisema wazi lakini limo: unahisi umemtaabisha mtu mzima nyumbani kwake, na hujui kama utakaribishwa tena. La picha nitalieleza kwa urefu maana lina mengi. La Bibi ni fupi, lakini ndilo linalonikaa mimi rohoni, na nitalirudia.

Wembamba wa chumba kile si bahati mbaya. Dari za nyumba zetu za mawe zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo maana mafundi wa zamani walijenga vyumba virefu vyembamba, na kuta za mawe na chokaa zenye unene wa nusu mita au zaidi. Popote utakapoweka taa mle, iko karibu na ukuta. Mwanga unaotoka kwenye paneli hauishii usoni kwa Bibi. Unampita, unagonga chokaa nyeupe, unarudi. Unapanda darini, unashuka. Unagonga ile rangi ya mafuta, unarudi ukiwa wa kijani, na huo ndio ukijani uliouona mashavuni. Kwenye studio kubwa mwanga uliompita mtu hupotelea mbali huko. Kwako haupotei. Ulidhani umewasha taa tatu, kumbe ulikuwa nazo tisa: zako tatu, na kuta nne, dari na sakafu. Hizo sita hukuzitawala hata moja.

Kwa hiyo chumba kidogo hakina upungufu wa mwanga. Kina mwanga usiokuwa na adabu. Kazi yako mle ni kuzima, kuziba na kusogeza, na kuwasha ni kidogo sana.

Hii habari ya taa tatu, ya mbele, ya kujazia na ya nyuma, si uongo. Ni njia ya kuelezea kazi tatu ambazo mwanga unaweza kuzifanya. Wanafunzi huisikia kama idadi ya vifaa. Chumbani kwa Bibi kazi ya kujazia imeshafanywa na kuta, tena imepitiliza. Taa ya nyuma haina pa kusimama bila kuonekana. Imebaki moja, na moja inatosha.

Sasa hesabu kidogo, na hii ukiielewa utaacha kubahatisha. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiwa mara mbili, unabaki na robo; ukiwa mara tatu, sehemu moja ya tisa. Nakisia uliziweka paneli mbali kadiri chumba kilivyoruhusu, tuseme mita 2 kutoka usoni, na Bibi ukamkalisha karibu na ukuta, nusu mita hivi. Basi kutoka kwenye taa mpaka ukutani ni mita 2.5. Ukipiga hesabu, ukuta unapata karibu thuluthi mbili ya mwanga unaoupata uso. Na ukuta ni mweupe, uso ni mweusi. Kamera inaona ukuta unawaka na mtu anazama. Kivuli nacho hakina pa kukimbilia, kimeganda pale pale nyuma ya kichwa.

Geuza mambo. Leta taa moja mpaka sentimita 80 kutoka usoni, nje kidogo tu ya fremu, na Bibi mtoe ukutani mita 1.6. Taa mpaka ukutani sasa ni mita 2.4, mara tatu ya umbali wa usoni. Ukuta unapata sehemu moja ya tisa. Ikiwa stopu moja ni nusu ya mwanga, hapo umeushusha ukuta zaidi kidogo ya stopu tatu, na hukuongeza kitu. Paneli utaipunguza nguvu mpaka ibaki kidogo tu. Kile kivuli kinene kitaangukia chini na pembeni, nje ya picha. Taa ikiwa pana na iko karibu sana hesabu hii hulegea kidogo, lakini mwelekeo wake haubadiliki.

Utasema: hizo mita 1.6 nitazitoa wapi na kitanda kimo humo? Acha kupiga picha kutoka ukuta hadi ukuta. Kona hadi kona chumba chako kina mita 4.6. Bibi aielekee kamera kwenye mstari huo wa kona, nyuma yake 1.6, mbele yake mita 2 mpaka kwenye kamera, na bado unabakiwa na mita moja ya kujibanza wewe. Kama mlango uko kwenye kona ya kamera, bora zaidi, itoe kamera mpaka ukumbini upige kupitia mlangoni. Nimefanya hivyo mara nyingi, mgongo nje na lenzi ndani. Na tumia ile ya milimita 50. Kwa kamera yako, ukiwa mita 2 inakupa upana wa karibu sentimita 94, yaani kichwa mpaka chini ya kifua, mikono na kofia anayoishona vikiwemo akiiinua. Ile 16–50 ukiifungua mpaka mwisho utaona chumba kizima, lakini itakulazimu umsogelee, na pua ya mtu ukiisogelea hukua kuliko masikio yake. Bibi hakukukosea kitu.

Baada ya hapo ziba. Nunua mita nne za kitambaa cheusi kisichong'aa, cha kushonea buibui la kawaida, si lile la hariri. Kiningʼinize upande wa uso usiokuwa na taa, karibu na Bibi kadiri unavyoweza bila kuingia kwenye fremu, kati yake na ule ukuta wa kijani. Utashangaa. Shavu la upande ule litapata kivuli, uso utapata umbo, na ukijani utaondoka, kwa sababu ukuta uliokuwa ukiurusha hauonani tena na uso. Kwa bei ya kitambaa hicho hakuna kifaa kitakachokufanyia kazi zaidi. Ila usipige msumari wala usibandike gundi ya karatasi kwenye chokaa ya zamani. Ukiibandua inatoka na ukuta, na mwenye nyumba atakukumbuka kwa hilo tu. Tumia stendi, au kamba kutoka kwenye nondo za dirisha hadi juu ya kabati.

Nije kwenye paji la uso. Hapa kuna dhana moja naisikia kila siku, kwamba ngozi nyeusi inataka taa nyingi. Ngozi hurudisha mwanga kwa njia mbili. Mwanga mwengine huingia kidogo, hutoka na rangi ya ngozi. Mwengine hauingii kabisa, hurudi juu juu kama kwenye kioo, na huo ndio mng'ao. Kwa ngozi iliyokolea, ule wa kwanza ni mchache, kwa hiyo sehemu kubwa ya kile kinachomuonyesha mtazamaji mfupa wa shavu, ukingo wa taya na mikunjo ya umri ni mng'ao. Usiuue basi, utandaze. Mng'ao ni sura ya taa yenyewe ikionekana usoni: taa ndogo hutoa nukta ndogo kali juu ya paji, taa pana hutoa wangavu mpole unaotelemka kutoka kwenye paji mpaka shavuni. Paneli yako ina upana wa kitabu. Ifanye iwe na upana wa mlango.

Shuka nyeupe ya pamba inatosha. Itundike ikiwa imenyooka, sentimita 80 kutoka usoni, na paneli iwe nyuma yake kwa sentimita 60 au 70. Kosa la kawaida ni kuigandisha paneli kwenye shuka. Hapo inayowaka ni duara ndogo katikati na shuka yote iliyobaki ni pambo. Rudisha taa nyuma mpaka uone shuka imejaa. Nafasi ikikosekana, igeuze paneli impe Bibi kisogo, na uielekeze kwenye kipande cha stairofomu kinachokuja na maboksi ya mafriji. Chandarua watu hukitumia, lakini ni chepesi mno; kikunje mara nne ndiyo kifanye kitu. Jasho lenyewe mpe leso ajifute. Poda omba ruhusa kwanza, na akikataa, liachie hapo.

Usijilaumu sana kwa sura kuzama. Zama za filamu, maabara za picha zilipimia rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, na sauti zilizosikika mapema kulalamika zilikuwa za watengeneza samani na chokoleti ambao bidhaa zao hazikutoka vizuri. Kamera za leo ni bora, lakini bado ikiachiwa ijiamulie yenyewe itasawazisha chumba chote, na chumba chako ni cheupe. Kwa hiyo toa uamuzi mikononi mwake: shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi uziweke wewe, ukipimia uso. Milia ya zebra, ile kamera huichora kwenye kioo chake penye mwanga wa kiwango ulichokichagua, vitabuni huambiwa iwe asilimia 70 usoni. Hiyo ni ngozi ya mwandishi wa kitabu. Kwa nyuso zetu mimi hukaa kati ya 40 na 55, na mng'ao wa paji ukifika 65 sina wasiwasi. Ukilazimika kupandisha ISO, pandisha. Chenga chache kwenye picha hazijamuudhi mtazamaji yeyote ninayemjua.

Mzee wa kanzu ni suala la aina hiyo hiyo. Kanzu nyeupe na uso vinapishana stopu mbili au tatu, na ukiupandisha uso kanzu inaungua. Usimwambie abadilishe. Muulize kama ana koti. Wazee wetu wengi huvaa koti juu ya kanzu wakitoka, na atafurahi kuonekana hivyo. Kama hana, chukua kipande kingine cha kitambaa cheusi ukizibe nusu ya chini ya shuka lako la mwanga, mwanga umfike usoni na kifuani upungue. Miwani ni rahisi zaidi: mwanga hutoka kwenye kioo kwa pembe ile ile ulioingilia, basi inua taa juu na uipeleke pembeni mpaka isionekane kwenye vioo. Ikibaki kidogo, muombe ainyanyue mikono ya miwani juu ya masikio kwa upana wa kidole, vioo vitainama. Taa ya duara mrudishie mwenyewe. Imetengenezwa kwa mtu anayejipiga picha mwenyewe akiwa peke yake chumbani, haina kazi kwenye filamu yako.

Mistari inayotembea haitokani na chumba. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za ndani humeta mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Kamera yako nadhani iko kwenye NTSC, mfumo wa video wa Marekani, inapiga picha 30 kwa sekunde na shata 1/60, na hizo hazipatani na 100. Ingia kwenye menyu, badilisha iwe PAL, mfumo unaopatana na umeme wetu, piga picha 25 kwa sekunde na shata 1/50. Nakili kwanza kazi zako kutoka kwenye kadi, maana huenda ikakutaka uifomati. Zima na tyubu ya nyumba na balbu zote: zina rangi yake, dirisha lina rangi yake, na huwezi kuzipatanisha zote usoni kwa mtu mmoja. Kisha rangi iweke mwenyewe, Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5600 au karibu na hapo, usiiachie kamera.

Na kuna mistari mingine isiyotokana na umeme. Mwaka mmoja nilikuwa Chake Chake nikimhoji mkulima wa karafuu. Chumba kilikuwa kama hicho chako, nikaona niwe mjanja, nikaielekeza taa darini ili mwanga ushuke mpole. Joto lilikuwa kali, nikaacha pangaboi lizunguke polepole. Saa nzima ya mazungumzo, na kila bapa likipita mbele ya taa uso wake ulizima na kuwaka, kuzima na kuwaka. Kwenye kioo kidogo cha kamera sikuliona. Niliokoa sauti peke yake, nikaifunika kwa picha za mikarafuu na mikono yake akichambua. Tangu siku hiyo sigongeshi taa darini mpaka nimetazama juu.

Sasa dirisha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ningeanzia mimi. Desemba 2009 umeme wa Unguja ulikatika na haukurudi mpaka Machi 2010. Waliokuwa na jenereta walirekodi jenereta. Mimi sikuwa nayo, na miezi ile mitatu ndiyo skuli yangu ya dirisha.

Vitabu vitakwambia tafuta dirisha la kaskazini, jua haliingii. Vimeandikwa Ulaya na Marekani, na kwao ni kweli. Sisi tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta. Juni na Julai, wakati wa kusi, jua la mchana linapita upande wa kibla, yaani kaskazini. Disemba na Januari, wakati wa kaskazi, linapita kusini. Mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, linapita utosini. Kwa hiyo dirisha la Bibi ni tulivu miezi ya kaskazi, na katika miezi ya kusi linaweza kukuingizia jua asubuhi na jioni. Usiamini kitabu, nenda ukaliangalie mwezi ule ule utakaorekodi, saa ile ile.

Lakini hata hilo ni nusu ya habari, kwa sababu dirisha lake haliangalii mbingu, linaangalia uchochoro. Taa ya chumba kile ni ukuta wa jirani. Jua likiugonga ukuta ule, mwanga mpole mpana unamwagika chumbani kupitia tundu la nusu mita la ukuta mnene, na hakuna softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) ya dukani itakayoushinda. Jua likihama, chumba kinazimika ghafla kama umefunga pazia. Huenda ukapata saa moja tu kwa siku, au chini ya hapo. Na kama jirani kaupaka ukuta wake rangi ya waridi, Bibi atakuwa wa waridi.

Ungeijua vipi saa hiyo? Muulize yeye. Mtu aliyeshona kofia miaka yote hiyo, akipitisha uzi kwenye matundu madogo vile, anajua wapi pa kukaa na saa ngapi. Muulize tu: "Bibi, ukishona unakaa wapi?" Atakuonyesha jamvi lake, na utakuta amekaa ubavu kwa dirisha, mwanga unatokea upande usiotiwa kivuli na mkono wake wa sindano. Hapo hapo ndipo pa kumrekodia. Wewe kaa kati ya kamera na dirisha ili akikutazama wewe uso wake uelekee mwangani, na kamera iwe upande wa kivuli. Kama dirisha lina mbao za juu na za chini, funga za chini, uache za juu. Mwanga utashuka kutoka juu na kanga haitang'aa kuliko uso. Paneli yako moja, kupitia shuka, isimame upande ule ule wa dirisha, ikiwa na nguvu ndogo, kazi yake ni kushikilia tu wingu likipita.

Nikupimie njia hizi kwa haki. Dirisha peke yake ndilo zuri kuliko yote na ndilo lisilotegemeka: msimu wa masika mazungumzo ya saa moja yatakuwa na nyuso tano tofauti, na hutaweza kuyakata na kuyaunganisha. Taa moja kupitia shuka, dirisha likiwa limefungwa, inakupa picha ile ile kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini umemfungia mtu mzima hewa. Kuchanganya, kama nilivyoeleza, ndiko ninakokupendekezea, kwa sharti rangi ya paneli uilinganishe na ya dirisha kwa jicho: weka kiganja chako kati ya mwanga wa pande mbili na usiridhike mpaka vifanane. Kumtoa nje barazani kunashawishi. Mwanga wa uchochoroni ni mzuri sana, lakini kila apitaye atamsalimia, na yeye kwa heshima ataitikia kila mmoja na kumuuliza hali ya watoto. Ukumbi au uwani kwake, penye paa la wazi, ni bora kuliko baraza ikiwa wa nyumbani wataridhia. Wengine hawataridhia, kwa sababu huko ndiko wanawake wanakofanyia kazi zao, na jibu hilo usililazimishe.

Nimefika kwa Bibi. Mtu wa umri wake anaweza kuwa na mtoto wa jicho, na jicho la namna hiyo hutawanya mwanga ndani yake. Taa ndogo kali ambayo kwako ni kawaida kwake ni mchanga machoni. Shuka pana na nguvu ndogo huenda vikamaliza tatizo. Lakini mtu akisema macho yanauma, zima, hata kama yuko katikati ya sentensi nzuri. Ongea na watoto wake kabla hujarudi, uwaulize kama amewahi kutibiwa macho au anatumia dawa ya matone. Kama maumivu yaliendelea baada ya wewe kuondoka, au anaona duara za rangi kuzunguka taa, huo si mjadala wa filamu tena, apelekwe kwa daktari wa macho. Na dakika ishirini kwa mkao mmoja zinatosha. Fungua dirisha, washa pangaboi, mnywe chai, kisha mwendelee.

Kuna mambo mawili mengine ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi. Ukigusa stendi ukahisi mtetemo wa umeme, au soketi inapata moto au inatoa cheche, ondoka kwenye umeme wa nyumba na mwite fundi umeme aitazame. Nyaya za nyumba nyingine pale mjini ni za siku nyingi. Paneli za LED hula umeme kidogo, na nyingi zinakubali betri, basi tumia betri na usipitishe waya anapopita mzee. Usiazime zile taa za zamani za halojeni, moja ina wati 800 au 1,000. Itaichoma shuka, na chumba kitakuwa tanuri. La pili ni boriti. Usitundike kitu juu yake, hata kama inaonekana nzima. Mchwa na maji ya mvua hula ndani.

Kama umefanya yote haya na bado uso hautoki, tafuta mtu aliyezoea kazi hii akufuate nyumba moja tu, akae nusu saa na wewe. Kuna mambo ya kuta huwezi kuyaona mpaka mwenzio akusogeze mkono.

Hukuuliza, lakini nadhani unajiuliza: ulichorekodi kimepotea? Sauti kama ni safi haijapotea. Iweke. Ukirudi usimwambie arudie kila neno, maana hatayasema vile alivyoyasema mara ya kwanza. Mrekodi akishona, mikono, uzi, kofia ikizunguka kwenye vidole, kisha dakika kumi za maneno ya usoni, na sauti ya siku ile ya kwanza ilale juu ya mikono. Kabla hajakaa, mkalishe mdogo wako kwenye jamvi hilo hilo, kavaa kanzu na miwani ya mtu, umalize kusogeza shuka na vitambaa juu yake. Bibi akija kukaa, wewe uwe umeshanyamaza na vifaa.